Betri Hufia Wapi?

Ushago, betri ya gari ilifika kabla ya sola. Miaka ya 1980, wenye TV bila stima waliitegemea: ikiisha, inafungwa kwa baiskeli, inapelekwa sokoni kuchajiwa. Sola ilipokuja iliwapunguzia safari tu. Betri ilibaki ileile.

Na haikufaa. Mfaransa Gaston Planté alivumbua betri ya risasi na asidi mwaka 1859, lakini hii ya gari imeundwa kuwasha injini kwa sekunde chache. Ukiikamua kila usiku kwa taa na TV, inakufa mapema. Maskini alinunua ya bei rahisi, akainunua tena na tena.

Zilizokufa zilienda wapi? Nyingine ziliyeyushwa Owino Uhuru, Mombasa, na sumu ya risasi ikaingia kwenye damu ya watoto. Phyllis Omido, aliyewahi kufanya kazi kiwandani humo, alipigana hadi mwaka 2020 mahakama ikaamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3.

Leo tunaambiwa tununue lithiamu. Bei iko juu, ila inadumu zaidi, na mimi ningeichagua. Lakini kwanza ningemuuliza muuzaji: ikifa, itazikwa kwa mtaa wa nani?