Stesheni ya Voi na Wasafiri Wake

Tumeonelea vyema kuweka katika kitabu hiki, baada ya hesabu za fedha na orodha ya wanachama, habari chache za stesheni ya Voi. Wengi wetu tuliipita usiku tukiwa tumesinzia, tukaamshwa na sauti za wachuuzi dirishani, kisha tukalala tena. Mahali pa namna hiyo husahauliwa upesi, na hiyo ndiyo sababu ya kuandika.

Kazi ya kulaza reli ilianza Mombasa mwaka 1896. Baada ya kupanda kutoka pwani, wajenzi waliingia katika nyika ya Taru, nchi ya miiba na vumbi jekundu, ambako maji hayapatikani kwa urahisi, hata ikawa lazima wachukuliwe maji kwa magari kutoka nyuma. Mwishoni mwa mwaka 1897 reli ilifika Voi, yapata maili 100 kutoka Mombasa, mahali ambapo mto ushukao kutoka milima ya Taita hukata nyika. Kwa watu waliotoka Taru, mto ule ulikuwa neema kubwa. Kuhusu jina la mji, wazee husema latokana na Kivoi, mfanya biashara mashuhuri wa Ukambani, ambaye misafara yake ilikuwa ikipiga kambi hapo. Tunaieleza habari hii kama tulivyoipokea.

Mwaka uliofuata reli ilikuwa Tsavo, na habari za simba wawili wa huko zimekwisha andikwa mara nyingi mno. Hatuna haja ya kuzirudia. Reli ilifika Nairobi mwaka 1899 na ziwa la Nyanza mwaka 1901. Vibarua wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kwa kazi hiyo, na karibu 2,500 kati yao walifia huku.

Sasa tuje kwa wasafiri. Katika miaka ya kwanza gari la moshi halikuwa na behewa la kulia chakula. Gari liliondoka Mombasa mchana, likafika Voi jioni, na hapo likasimama ili abiria wa daraja za juu washuke wale. Palijengwa nyumba ya wasafiri karibu na reli, iliyoitwa dak bangalo. Jina hilo lilikuja pamoja na reli kutoka Bara Hindi, ambako dak ni posta, na nyumba kama hizo zilijengwa kando ya njia za posta ili wasafiri wapumzike. Nyumba ya Voi ilikuwa na meza zilizotandikwa, taa, na watumishi waliosubiri. Abiria walishuka wamegeuka wekundu kwa vumbi la nyika, wakanawa, wakala, kengele ikalia, wakapanda tena. Katika mwaka 1909 Theodore Roosevelt, aliyekuwa ametoka tu katika urais wa Marekani, alisafiri kwa reli hii kutoka Mombasa kwenda Kapiti, na sehemu ya safari aliketi kwenye kiti kilichofungwa mbele kabisa ya injini ili atazame wanyama. Wageni kama hao waliandika vitabu, na kwa vitabu vyao twajua Voi ilivyokuwa kwa mtu aliyekula mezani.

Lakini katika gari lilo hilo palikuwa na mabehewa ya daraja la tatu, na humo ndimo walimokuwa babu zetu. Wao hawakuingia nyumba ile. Walikaa juu ya mbao, mizigo miguuni, na chakula chao ni kile walichofungiwa nyumbani, au walichonunua dirishani: ndizi, mayai ya kuchemsha, mahindi ya kuchoma, maji katika kibuyu. Walikuwa watu waendao kutafuta kazi bandarini Mombasa, au kwenye mashamba ya mkonge ya Voi na Mwatate. Walikuwa akina mama wakiwafuata waume zao, na watoto waliokuwa wakiona injini kwa mara ya kwanza. Nauli zao ziliingia katika hazina ya reli kama nauli nyingine. Hata hivyo hatujaona kitabu chochote kilichoandikwa na mmoja wao kuhusu chakula cha jioni Voi. Wachuuzi wa jukwaani ndio waliokuwa hoteli yao, na kwa maoni yetu akina mama wale wanastahili kutajwa katika historia ya stesheni hii pamoja na wapishi wa bangalo.

Jambo lililoikuza Voi kuliko yote lilikuwa vita. Mwezi wa Agosti 1914 Wajerumani waliingia Taveta na kuishika. Mwaka 1915 Waingereza walianza kulaza reli nyingine kutoka Voi kuelekea magharibi, kupitia Mwatate, Bura na Maktau, ili kupeleka majeshi na chakula. Voi, iliyokuwa stesheni ya chakula cha jioni, ikawa njia panda ya jeshi. Taveta ilitwaliwa tena mwezi wa Machi 1916, na reli ikaendelezwa mpaka Kahe, ikaungana na ile ya Tanga na Moshi.

Askari waliokufa upande ule wana makaburi yao Voi, Maktau na Taveta, na mengi yana majina yaliyochongwa. Wapagazi ni habari nyingine. Watu wetu walichukuliwa kwa wingi kubeba mizigo ya vita ile, nao walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa kuhara, homa na njaa kuliko kwa risasi. Wengi wao hawana kaburi lijulikanalo. Jina la Kariakor huko Nairobi limetokana na kikosi chao, na watu hulitaja kila siku sokoni bila kukumbuka.

Baadaye behewa la kulia chakula likaja, na nyumba ya Voi ikapoteza kazi yake ya kwanza. Kuanzia mwaka 1955 zilikuja zile injini kubwa za Garratt zenye majina ya milima, uzito wa tani 252, nazo zikivuta mizigo kati ya Mombasa na Nairobi; mtu aliyelala karibu na reli alizijua kwa mtetemeko wa kitanda. Katika mwaka 2017 gari la abiria la reli ya zamani lilikoma, na mwaka huohuo Madaraka Express ikaanza katika reli mpya, yenye stesheni yake nyingine hapo Voi. Ni safari ya haraka na safi, wala hatuilaumu. Ila madirisha yake hayafunguki, na mchuuzi wa ndizi hana pa kusimama.

Kwa hiyo chama kinawaomba wanachama walio na wazazi au majirani waliofanya kazi Voi, wakiwa makarani, wapiga bendera, wasukuma mizigo au wauza chakula, wawaulize wangali hai, waandike majibu, na kuyaleta kwa katibu. Karatasi yoyote itapokelewa, hata ya daftari la shule.