Godalming: Mji Mdogo Ulioagiza Umeme

Vuta kiti, uweke kalamu karibu, maana somo la leo lina hesabu ndani yake.

Leo twakwenda Uingereza, katika mji mdogo wa Godalming, kusini-magharibi ya London. Mto Wey wapita hapo, na zamani maji yake yalizungusha magurudumu ya viwanda. Mwaka 1881 mji huu ulipata kitu ambacho hata London yenyewe ilikuwa haijakipata: umeme wa kuuziwa watu wote, wa kumulika barabara na wa kuingia nyumbani kwa yeyote aliye tayari kulipa.

Usidhani kwamba madiwani wa Godalming walikuwa mabingwa wa elimu ya umeme. La! Walishindwana bei na kampani ya gesi, basi. Siku zile barabara zilimulikwa kwa gesi itokanayo na makaa ya mawe. Makaa yaliokwa katika tanuri lisiloingia hewa, gesi ikasafishwa, ikapelekwa kwa mabomba mpaka kwenye nguzo za taa. Mkataba ulipokwisha, Baraza la Mji liliona bei ya gesi ni kubwa mno. Ndipo mafundi wa Calder na Barrett walipojitokeza, wakakubali kumulika barabara kwa pauni 195 kwa mwaka.

Sasa tazama jinsi walivyofanya. Palikuwa na kiwanda cha ngozi mahali paitwapo Westbrook, nacho kilikuwa na gurudumu la maji. Wenye kiwanda waliruhusu gurudumu lao lizungushe mtambo wa umeme uliotengenezwa na Siemens, na malipo yao yakawa ni kupata taa kiwandani. Mpango wa akili, maana maji ya mto hayanunuliwi.

Taa zilikuwa za namna mbili. Katika njia kuu zilitundikwa taa kubwa zenye vijiti viwili vya kaboni. Umeme huruka kutoka kijiti kimoja hadi cha pili, na mwanga wake huumiza macho. Katika vichochoro ziliwekwa taa ndogo za Bwana Joseph Swan, yaani chupa iliyoondolewa hewa, ndani yake mna uzi mwembamba wa kaboni ung'aao.

Na nyaya je? Hapa pana jambo la kuchekesha kidogo. Kampani za gesi zilipewa na Bunge ruhusa ya kuchimba barabara, lakini watu wa umeme hawakuwa nayo. Kwa hiyo baadhi ya nyaya zililazwa katika mifereji ya maji ya mvua kando ya njia!

Shida hazikukawia. Mto ulipofurika, gurudumu halikuzunguka sawasawa, na taa zikayumba pamoja nalo. Aliyekaa njia kuu aliona mwanga kupita kiasi, na aliyekaa kichochoroni akalalamika kwamba taa yake ni hafifu. Kabla mwaka 1881 haujakwisha Siemens wenyewe walikuwa wameishika kazi, na baadaye ikaletwa injini ya mvuke badala ya gurudumu. Mtambo ukatulia, lakini gharama zikabadilika: makaa ya injini hununuliwa kila siku.

Kalamu iko tayari? Shida kubwa haikuwa mashine. Mtambo, nyaya na mafundi hugharimu karibu sawasawa, wawe wateja kumi au mia. Katika Godalming walioingiza umeme nyumbani walikuwa wachache sana, hivyo mzigo karibu wote uliangukia mkataba wa taa za barabarani. Kwa maoni yangu, hapo ndipo hesabu ilipokosewa: madiwani walilinganisha bei ya taa na taa, wala hawakuuliza ni nyumba ngapi zitanunua.

Tena mwaka 1882 Bunge lilipitisha sheria ya taa za umeme. Sheria hiyo iliruhusu kuchimba barabara, lakini ilitia pia sharti kwamba baada ya miaka 21 baraza la mji laweza kuilazimisha kampani iuze mitambo yake kwa thamani ya vyombo tu, bila kuhesabu faida ya biashara. Wenye fedha wengi waliogopa kuweka mali yao, hata Bunge likaongeza muda huo kuwa miaka 42 mnamo 1888.

Kwa Godalming nyongeza hiyo ilikuwa imechelewa. Siemens walikuwa wakipata hasara, na mwaka 1884 umeme ulizimwa, taa za gesi zikawashwa tena.

Kazi ya kikundi chako wiki hii: fanyeni kama ninyi ndio madiwani wa Godalming, mwaka ni 1884, na karatasi mbili ziko mezani, moja ya gesi na moja ya umeme. Andikeni maswali matatu mtakayomwuliza kila muuzaji kabla ya kupiga kura.