Kampala ni miji miwili iliyoshonwa pamoja, na mshono unapita Owino

Mwezi uliopita kikundi kilinituma Owino kununua jezi za mtumba za timu yetu. Nilisafiri usiku kucha na basi kutoka kambini, asubuhi niko sokoni, macho mekundu, pesa nimeficha kwenye soksi. Mzee aliyeniuzia alinisikia nikisema "hapa mjini", akacheka. Akanyoosha kidole: "Kijana wangu, sisi tukiwa watoto mji ulikuwa kule, Nakasero. Huku nyuma yangu ni Mengo, kwa Kabaka. Hapa tulipo ni kinamasi tu."

Mimi nilidhani Kampala ni moja tangu zamani. Kumbe hapana! Nikarudi nikaanza kusoma, na haya ndiyo niliyopata.

Kabla ya Wazungu, makao makuu ya Buganda yalikuwa kwenye vilima hivi, na sehemu ile iliitwa Kibuga. Mwezi wa Desemba 1890 akaja Lugard, mtu wa kampuni ya Waingereza, akajenga ngome kwenye kilima kinachoitwa leo Old Kampala. Baadaye serikali yao ikahamia Nakasero, na mwaka 1906 Kampala ikatangazwa kuwa mji. Lakini mpaka wa mji huo haukumeza Kibuga. Kibuga kilibaki chini ya Mengo, na viongozi wake. Kwa hiyo bonde la Nakivubo likawa na serikali mbili, moja kila upande.

Na maisha pia yalikuwa mawili. Wazungu walikaa juu Nakasero na Kololo, Wahindi na maduka yao chini kidogo. Mwafrika alifanya kazi upande ule mchana, usiku akalale Kisenyi, Katwe au Mulago, ndani ya Kibuga, ambako sheria za ujenzi za mji hazikumfikia. Ndiyo maana mpaka leo ukitembea dakika chache tu kutoka barabara zilizonyooka unajikuta kwenye vichochoro. Watu husema ni uchafu wa watu wa huko. Mimi nasema hapana, mifereji na barabara zilichorwa zikaishia kwenye mpaka.

Nchi ikapata uhuru mwaka 1962 na Kampala ikapewa hadhi ya jiji, lakini Mengo ikaendelea kuwa kando. Muungano ulikuja kwa njia nyingine. Mei 1966 jeshi la Obote lilishambulia Lubiri, jumba la Kabaka. Mutesa akakimbilia Uingereza, na huko ndiko alikofia mwaka 1969. Mwaka 1967 falme zikafutwa. Mwaka 1968 mipaka ya Kampala ikapanuliwa: Mengo ikaingizwa, Kawempe ikaingizwa, Nakawa nayo. Sensa ya 1959 ilikuwa imehesabu watu kama 46,000 ndani ya Kampala. Ile ya 1969 ikahesabu kama 330,000. Si kwamba watu walizaana hivyo jamani! Wengi walikuwepo siku zote, ila walikuwa nje ya mstari.

Kuunganisha miji si jambo la ajabu duniani. Kule Japani, mwaka 1963, miji mitano ilijiunga ikawa Kitakyushu, na mabaraza ya miji yalipiga kura kwanza. Hapa Kabaka alikuwa uhamishoni, na ufalme wake haukuwepo tena kisheria. Nadhani hiyo tofauti bado ipo kwenye mazungumzo ya watu wa Mengo, ukikaa nao utasikia.

Sasa kwa nini sisi wakimbizi tujali? Kwa sababu ya ardhi. Mipaka iliunganishwa, ardhi haikuunganishwa. Upande wa mji wa zamani ardhi nyingi ilikuwa ya serikali, unakodi kwa mkataba wa miaka. Upande wa Kibuga ni mailo, ile iliyogawiwa kwa Kabaka na wakubwa kwa Mkataba wa 1900, kwa maili za mraba. Juu ya mailo kuna mtu wa kibanja: ana haki ya kukaa na kujenga, lakini hati ya ardhi ni ya mwingine. Na juu ya kibanja kuna sisi, wapangaji wa chumba kimoja.

Mama yangu mdogo alilipa kodi ya miezi sita upande wa Katwe. Mwezi wa pili akaja mtu mwingine na hati mkononi, nyumba ikabomolewa, na yule aliyepokea pesa simu yake imezimwa. Wasaidizi wa mashirika, mkimshauri mkimbizi anayehamia Kampala, msiishie kumuuliza kodi ni shilingi ngapi. Mwambieni aende kwa mwenyekiti wa LC1 aulize: hii ni mailo ya nani, na kibanja ni cha nani?

Owino lenyewe jina lake rasmi ni soko la Mtakatifu Balikuddembe, yule mfia dini aliyeuawa hapo Nakivubo mwezi wa Novemba 1885. Hakuna kondakta atakayekuelewa ukilitaja hivyo. Sema Owino.

Nilipomaliza kununua mvua ikanyesha. Mtaro wa Nakivubo ukajaa, maji meusi yakapanda mpaka kwenye meza za chini, na mzee akaanza kuinua magunia yake bila haraka, kama mtu aliyezoea. Nikamsaidia manne. Jezi zetu kumi na moja zilibaki kavu.