Mnyoo wa Bondo

Mwenzangu mmoja anayetafsiri vitabu vya elimu ya samaki alinipigia simu, amekwama. Alikuwa ameandika "mnyoo vamizi wa kibofu cha kuogelea cha mkunga" akataka kujua kama maneno hayo yamekaa sawa. Nilikuwa Muleba, kando ya ziwa, nikamwambia asubiri. Niliona heri niwasomee kwanza wanaoshika samaki, ndipo nimjibu anayeshika kalamu.

Nilimsomea mzee mmoja anayenunua mabondo. Aliacha kisu akacheka.

"Mwalimu, wakunga wa kwetu wako zahanati. Nao wana kibofu cha kuogelea?"

Kosa halikuwa lake. Mkunga, samaki mrefu mwenye umbo la nyoka, ni wa Pwani na wa mito inayoteremka Bahari ya Hindi, kama Pangani na Rufiji. Maji ya Ziwa Victoria huelekea Nile, na mkunga hafiki huku. Anayemkaribia kwa umbo tu ni kamongo. Kwa hiyo mtu wa Bukoba akisikia "mkunga" anamwona anayezalisha mama. Kwenye wingi neno linajitenga lenyewe, mikunga hawa na wakunga wale, lakini kwenye umoja inabidi mwandishi aseme "samaki mkunga" angalau mara ya kwanza.

Hilo ni dogo. Kilichonikera mimi ni "kibofu cha kuogelea". Kibofu, ukilitaja peke yake, linampeleka msomaji kwenye mkojo. Kuogelea nako samaki huogelea kwa mkia na mapezi. Mfuko huu una gesi, na kazi yake ni kumwezesha samaki kukaa kwenye kina anachotaka bila kuzama wala kuelea juu. Jina la Kiingereza lenyewe limekaa vibaya, na mtafsiri amelibeba na ubovu wake.

Wakati huo huo mzee yule alikuwa na kiungo chenyewe mkononi. Alimpasua sangara, akaingiza vidole chini ya uti wa mgongo, akavuta mfuko mweupe unaoteleza, akaupasua kwa urefu, akakwangua utando na damu, kisha akautandaza juani. Hilo ndilo bondo. Likikauka hupelekwa China kuwa supu, na kilo yake hupita kwa mbali bei ya kilo ya mnofu. Mtoto wa Goziba au Bumbire hahitaji kamusi kulijua. Kwa nini basi tumtungie maneno matatu mtu ambaye tayari analo moja?

Mnyoo wa bondo, basi. Jina lake la kisayansi ni Anguillicola crassus, mnyoo duara kama ile michango ya tumboni tunayoimezea vidonge. Kwao ni Asia ya Mashariki, ndani ya mkunga wa Japani, ambaye mwili wake umemzoea na unajua kumdhibiti. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 alionekana Ujerumani, akiwa ameingia na biashara ya mikunga hai. Lava wake humezwa na vijidudu vya majini vya jamii ya kamba, hao huliwa na samaki wadogo au na mkunga mwenyewe, na akishafika tumboni mwa mkunga hutoboa ukuta wa utumbo mpaka kwenye bondo. Huko hunywa damu. Kuta za bondo hunenepa, hukakamaa, haziwezi tena kutanuka na kusinyaa. Mkunga wa Ulaya ana safari ya maelfu ya kilomita hadi Bahari ya Sargasso kwenda kutaga, akishuka mchana na kupanda usiku kwa mamia ya mita. Bondo lililokakamaa si la safari hiyo. Mwaka 2008 watafiti waliandika kwamba mnyoo huyu amekutwa pia kisiwani Réunion, ndani ya Bahari ya Hindi hii hii.

Sasa "vamizi". Kuvamia ni kuja kwa kishindo, kazi ya majambazi. Mnyoo huyu hakuvamia. Aliletwa, tena kwa hati za mizigo. Huku Kagera jambo hilo tunalijua: sangara aliwekwa ziwani na watu kuanzia miaka ya 1950, furu wengi wakaja kuangamia. Gugumaji nalo liliteremka na Mto Kagera kutoka Rwanda. Neno "vamizi" linamshtaki aliyefika na kumsahau aliyemfungulia mlango. Hata hivyo silifuti, kwa sababu limekwisha kuzoeleka, mradi tusilichanganye na "ngeni". Kitu kigeni kimetoka kwingine, basi. Kitu vamizi kimetoka kwingine na kinadhuru. Mgomba asili yake ni Asia, lakini mwambie Mhaya kwamba ni mmea vamizi uone utakavyojibiwa.

Neno lenye mtego zaidi ni "mwenyeji", yaani kiumbe anayebeba kimelea. Ni neno zuri. Uhayani mgeni akikaribishwa hupewa kahawa ya kutafuna, na mwenyeji ndiye mtoaji. Ila mwenyeji pia ni mzaliwa wa mahali. Chukua dagaa wa ziwa hili. Mara nyingine, kwenye mafungu yaliyoanikwa, unamkuta mmoja tumbo limetuna. Ukilipasua kwa ukucha unatoka utepe mweupe, bapa, ambao ukiunyoosha unaweza kumzidi dagaa mwenyewe urefu. Huyo ni tegu, Ligula intestinalis. Anayemwona dagaa huyo juu juu husema ana mayai, kumbe tegu ndiye anayemzuia kupata mayai. Tena humfanya aogelee juu juu, mnandi amdake, na tegu akakomae ndani ya utumbo wa ndege. Ukiandika "mnyoo mwenyeji wa dagaa", umesema mnyoo ni wa hapa hapa, au umesema nani kambeba nani? Mimi huandika "mwenyeji" kwa mbebaji peke yake, na kwa mzaliwa wa mahali naandika "wa asili".

Nilimpigia mwenzangu jibu: "mnyoo wa bondo la samaki mkunga, spishi ngeni na vamizi". Alisema ni refu kuliko la kwanza. Kweli, ni refu kidogo.

Mzee alikuwa akisikiliza. Alilinyanyua bondo moja bichi, akaliangalia dhidi ya jua, akalipapasa kwa kidole gumba kutafuta tundu.

"Huyo mnyoo wako," aliuliza, "akikaukia ndani, anapimwa na kilo au tunamtoa?"