Upimaji wa Hali Halisi

Mwambie mwanafunzi wa kozi ya mtandaoni aliye Garsen, Kaunti ya Tana River nchini Kenya, aeleze sababu na athari za mafuriko ya Mto Tana. Tangu ChatGPT itoke Novemba 2022, simu yoyote yenye bando itamwandikia: mvua za nyanda za juu, mabwawa ya Masinga na Kiambere yaliyojaa, mashamba ya wakulima wa Kipokomo yaliyosombwa. Jibu ni sahihi. Mwalimu bado hajui aliyelituma anaweza nini.

Tiba ya maswali ya aina hii ilipata jina kabla ya akili unde (Watanzania husema akili mnemba) kufika simuni. Mmarekani Grant Wiggins aliitetea mwaka 1989: mwanafunzi apewe kazi kama zile ambazo wenye taaluma huzifanya nje ya darasa. Kwa Kiswahili wapo wanaoandika “tathmini halisi”, nami nalipinga jina hilo, kwa sababu linaifanya mitihani mingine yote ionekane bandia. Kinachopaswa kuwa halisi ni kazi yenyewe, mahali inapofanyika na watu inaowagusa. Napendekeza “upimaji wa hali halisi”.

Tuliandike upya swali la Garsen. Mwanafunzi achague malka moja, yaani njia ya mifugo kushuka mtoni, inayopita kando ya mashamba. Aichore ramani, azungumze na mkulima na mfugaji, kisha aandike pendekezo la ukurasa mmoja ambalo wazee wa Gasa, baraza la Wapokomo, na wenzao wa wafugaji wa Kiorma wanaweza kulijadili: nani apishe, wapi, mwezi gani. Katika kaunti iliyozika watu wengi mwaka 2012 katika mapigano ya wakulima na wafugaji, swali hilo lina uzito ambao insha haina. Akili unde inaweza kumsaidia kupanga maneno, na aseme ilimsaidia wapi.

Lakini kutaja mahali hakutoshi. Mahojiano hubuniwa, na mashine hubuni vizuri. Ndiyo maana ningetenga nusu ya alama kwa nyayo za kazi: maandishi ya awali, mchoro wa mkono, rasimu iliyobadilishwa na sababu ya kubadilishwa. Halafu simu ya dakika kumi. Kwa nini umeipeleka njia hii magharibi? Mwenye shamba akikataa? Simu ya kawaida yatosha. Video hula bando, na mtandao wa delta ya Tana hauaminiki. Mwalimu mwenye wanafunzi mia tatu atalalamikia muda, na ana haki. Basi afute insha tano, abaki na kazi moja kubwa. Chuo Kikuu Huria cha Kenya, kilichopewa hati mwaka 2023 na kinachofundisha mtandaoni, kina sababu kubwa ya kulifikiria hili.

Na mto ukifurika kama ulivyofurika mwaka 2024, malka haifikiki. Tarehe isogezwe. Aliyehamia kambi ya waliokimbia mafuriko aruhusiwe kufanya kazi yake pale pale: apime umbali kati ya choo na kisima, aulize mgao wa chakula unapangwaje, kisha apendekeze kwa wasimamizi wa kambi kitu kimoja kinachoweza kubadilishwa wiki hiyo.