Sahani za sikukuu

Sahani za sikukuu ni vitafunio ambavyo majirani hupelekeana siku ya Idi katika miji ya pwani ya Afrika Mashariki, kama Lamu, Mombasa na Unguja. Haihitajiki karamu wala mwalikwa: mtoto hutumwa na sahani iliyofunikwa kitambaa, na adabu ni kwamba sahani hairudi tupu. Humo huwamo visheti vya unga wa ngano, vilivyokaangwa vikagaragazwa katika shira, na vileja vya unga wa mchele, samli, sukari na iliki. Kileja kizuri huyeyuka mdomoni. Kinachodai meno kimemshinda mpishi.

Mbali na pwani, Uganda nako kuna kitafunio kinachofaa sahani kama hiyo. Kisugu, mtaa wa tarafa ya Makindye, Kampala, umepakana na Kabalagala, mahali penye jina moja na kitafunio maarufu cha Uganda: ndizi ndogo mbivu zilizopondwa, zikakandwa na unga wa muhogo, zikakatwa duara na kukaangwa. Utamu wake ni wa ndizi yenyewe. Uganda huadhimisha Idi zote mbili na Krismasi kwa mapumziko ya kitaifa, hivyo jirani wa dini nyingine naye huweza kuwepo nyumbani sahani inapobisha hodi.