Elimu ya tiba ya dharura (Tanzania)

Elimu ya tiba ya dharura nchini Tanzania huwaandaa madaktari, matabibu na wauguzi kuhudumia majeruhi na wagonjwa mahututi katika saa za mwanzo, mara nyingi kabla ugonjwa wenyewe haujajulikana. Kitovu chake ni Hospitali ya Taifa Muhimbili, Dar es Salaam, ambako idara ya tiba ya dharura ilifunguliwa mwaka 2010. Mwaka huohuo chuo kikuu cha Muhimbili kilianzisha shahada ya uzamili ya fani hiyo; wahitimu wa kwanza walitoka mwaka 2013.

Mwanafunzi hujifunza kwanza kupanga wagonjwa kwa uzito wa hali, si kwa aliyetangulia kufika. Kisha huzoezwa utaratibu usiobadilika: njia ya hewa, upumuaji, mzunguko wa damu, fahamu, na kumfunua mgonjwa ili kutafuta majeraha yaliyofichika. Tatizo likionekana hutibiwa papo hapo, ndipo hatua inayofuata iguswe. Daktari aliyezoea wodi, anayeanza na maelezo marefu na kusubiri majibu ya maabara, huweza kuona ugumu zaidi hapa kuliko mwanafunzi mchanga.

Kwa vituo visivyo na mabingwa ipo kozi fupi ya Shirika la Afya Duniani na Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu, iliyotolewa mwaka 2018. Hushughulikia mambo manne: kupumua kwa shida, kuporomoka kwa mzunguko wa damu, majeraha, na fahamu kubadilika. Haitegemei mashine ghali, na pengine hiyo ndiyo sifa yake kubwa.